Kicheko Kilichofutwa

Mzee Fridolini Mbano alivua viatu kila alipofika kwenye mlango wa chumba cha tisa, ingawa hakuna aliyemwambia avue. Aliviweka kando, visigino vikigusa ukuta, akavua na kofia, kisha akanigeukia mimi.

"Mjukuu wangu, ameamka?"

"Ameamka, babu. Anakusubiri."

Hilo ndilo jibu tulilofundishwa. Siku yangu ya kwanza nilionywa nisithubutu kusema "tumeiwasha" wala "mashine iko tayari" mbele ya mtu aliyefiwa. Nilikuwa mwaka wa tatu, nasoma historia, na chuo kilinileta Makumbusho ya Sauti hapa Songea kwa mafunzo ya vitendo, wenyewe tunaita fildi. Nilikuja na ndoto zangu za kushika ngao za mababu na kupangusa vumbi kwenye mitungi. Mikuki na ngao nikazikuta zimefungiwa stoo, hakuna anayeziulizia. Watu walikuja kuzungumza na wafu wao, na mimi, msomi mtarajiwa, kazi yangu ikawa kufuta spika kwa kitambaa na kuangalia kama boksi la tishu limeisha. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Chumba chenyewe hakikuwa na mengi: kiti kimoja, spika mbili, taa hafifu. Zamani kulikuwa na picha pia, marehemu akionekana kwenye kioo kikubwa, lakini picha ziliondolewa baada ya watu kuanza kukumbatia ukuta. Ikabaki sauti tu. Tuliiita mwangwi.

"Gaudensia," mzee akaita, akikaa.

"Abee! Umekuja? Na bila shaka umevaa lile shati la kijani. Watu watadhani umeoa mnazi."

Mzee akajitazama. Shati lilikuwa la kijani. Akacheka mpaka akakohoa, akanitazama kwa fahari, kama mtu anayeonyesha mke mpya. "Unamsikia? Hajabadilika huyu. Akiwa hai alikuwa mpole mbele ya watu, lakini nadhani kifo kimemfungua mdomo."

Nilitakiwa kutoka, ila siku hiyo spika moja ilikuwa inakwaruza, nikabaki nimechutama nyuma nikikaza waya. Ndiyo maana nilisikia. Mzee alizungumza habari za mahindi, za wajukuu, za padri mpya anayehubiri kwa kirefu. Halafu akanyamaza, akapapasa ukingo wa kofia yake.

"Mama, kuna jambo sijawahi kukuuliza. Ile jioni ya mwisho. Uliteseka?"

Mwangwi ukakaa kimya kidogo, kama unavyofanya unapotafuta.

"Niliteseka na kiu. Nilikuita uniletee maji, wewe ulikuwa unasikiliza mpira. Nimekufa na kiu, Fridolini, kwa ajili ya mpira."

Mikono yangu ilisimama kwenye waya.

"Nilikuwa uani," mzee akasema polepole. "Nilikuwa na redio, ndiyo. Lakini sikusikia."

"Ungesikiaje? Goli lilikuwa limeingia."

Mzee Fridolini alisimama akaenda zake. Alikumbuka kofia, akasahau viatu. Nilimkimbilia navyo mpaka getini, akavipokea bila kunitazama, akaendelea kutembea peku huku amevishika mkononi.

*

Juma lililofuata hakuja. Akaja mwanawe, Kasiani, fundi wa sola, mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Alibeba redio ndogo ya zamani.

"Baba amesema hii muiweke makumbusho," alisema. "Amesema ndiyo iliyomuua mama. Dada, mmemwambia nini baba yetu?"

Nilimkalisha kwenye benchi la nje, akanieleza yote. Mzee alikuwa hali vizuri. Kila jioni alijaza maji kwenye kikombe, akatembea nacho mpaka kaburini nyuma ya nyumba, akakiacha juu ya saruji, asubuhi akakikuta tupu au kimeanguka. Hilo wangelivumilia. Ila juzi aliwaita wanawe wote akawaambia kwamba ile nafasi waliyomwachia kando ya kaburi la mkewe wapande mihogo. Yeye wakamzike kijijini kwa kaka zake, kwa kuwa hastahili kulala karibu na mtu ambaye yeye mwenyewe alimnyima maji.

"Na daktari ametuambia moyo wake umechoka," Kasiani akamalizia. "Hili si jambo la mwakani, dada. Mama alimwambia yule mzee tangu ujana wao kwamba watalala pamoja. Sisi watoto tutamtenganishaje na mama?"

Nilipokea redio, nikaenda nayo ndani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikafanya kazi ya mwanahistoria: nikaenda kutafuta chanzo.

Mwangwi haujui kutunga kitu kutoka hewani. Hulishwa rekodi za marehemu, na siku hizi rekodi hazikosekani, maana kila kata ina vinasa sauti vyake, harusini, kanisani, mikutanoni, mpaka misibani, kwa sheria. Programu hupitia sauti zote hizo, huziosha kelele, humtambua kila msemaji, kisha hujifunza alivyozungumza, alivyokasirika, alivyotania. Mtu akiuliza swali, huokota alichowahi kusema marehemu au hushona kipya kwa uzi uleule. Kila sentensi ina mzizi, na mwenye ruhusa anaweza kuufuata. Mimi sikuwa na ruhusa. Lakini mwenye ruhusa aliacha kompyuta wazi akaenda kunywa chai.

Mzizi wa ile sentensi ulinipeleka kwenye rekodi ndefu. Nikabonyeza. Sauti ya mwanamke, kavu na kali, peke yake kwenye kimya: "Nilikuita uniletee maji, wewe ulikuwa unasikiliza mpira." Nikaangalia tarehe. Nikaangalia tena. Ilikuwa siku ya mazishi ya Bi Gaudensia.

Nywele zilinisimama, sitaki kudanganya. Nikaitafuta ile rekodi ghafi, kabla haijaoshwa.

Ikafumuka sauti ya umati. Kuku, sufuria, mtoto analia, na juu ya vyote vicheko, vicheko vya watu waliolia mpaka wakachoka. "Gaudensia, unakwenda wapi na hiyo fimbo?" "Gaudensia, tuambie nani kakuua!" Na yule mwanamke akajibu, akiivuta sauti: "Huyu mzee! Nilikuita uniletee maji, wewe ulikuwa unasikiliza mpira. Nimekufa na kiu, Fridolini, kwa ajili ya mpira!" Umati ukaangua kicheko. Mtu akauliza kama mzee hakusikia. "Angesikiaje? Goli lilikuwa limeingia!" Hapo hata vigelegele vilipigwa, na nikamsikia mzee mwenyewe, sauti yake ninayoijua, akicheka na kulia kwa pamoja.

Nilijua ni nini. Nilikuwa darasa la nne babu yangu alipofariki, akaja mtani akavaa koti la babu, akachukua kiko chake, akatembea uani akichechemea kama yeye na kutukaripia wajukuu kwa majina. Tulimwita babu naye akaitika. Bibi yangu alicheka siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu kifo. Mtani huruhusiwa kusema msibani lile ambalo hakuna mwingine angelisema akabaki na meno yake, na mwenye msiba hacheki kwa kuwa hana uchungu, hucheka ili uchungu upate pa kutokea.

Vijana walioandika ile programu sijui kama waliwahi kukaa kwenye mkeka wa msiba wa watu wenye watani. Waliifundisha imtambue msemaji kwa jina analoitwa na waliomzunguka. Watu wote pale walimwita Gaudensia, na yeye akaitika. Mashine ingejuaje? Halafu ikaosha kelele. Upepo ukatoka, kuku wakatoka, na kicheko nacho kikahesabiwa kelele kikatoka. Likabaki neno tupu.

Nikaendelea kuchimba. Karibu kila kitu alichowahi kumwambia mumewe kwenye chumba cha tisa kilitoka kwenye rekodi ileile. Shati la kijani. Padri. "Lala mapema, umande utakuua." Ya Bi Gaudensia mwenyewe, aliyekuwa mpole mbele ya watu, ilikuwapo moja tu, fupi, mahojiano ya wataalamu wa kilimo, akieleza jinsi ya kuhifadhi maharage kwa majivu. Programu iliiweka kando, kwa maelezo kwamba sauti ni hafifu mno.

*

Dokta Luambano, mkurugenzi wetu, aliisikiliza rekodi yote ameinamisha kichwa. Si mtu mbaya, na nisingependa aonekane hivyo. Ilipofika pa kicheko aliziba mdomo kwa kiganja.

"Tutaifuta ile sentensi," akasema. "Leo hii. Mzee akija, mke atamwambia hakuteseka, alilala tu. Kazi imekwisha."

"Na mengine yote, Dokta? Si ya mkewe."

"Otilia, yule mzee hupanda kilima hiki kwa miguu kila Jumanne. Hicho ndicho kilichobaki kwenye maisha yake. Unataka afiwe na mke mara ya pili?"

"Sasa hivi anajiona muuaji kwa sababu yetu."

"Ndiyo maana nasema tuifute."

"Tukiifuta, tutakuwa tumemwekea mkewe maneno mdomoni kwa makusudi. Ya kwanza ilikuwa ajali. Hii je?"

Alizima rekodi. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo sijui nilipaswa kulijibu vipi: "Mimi mwenyewe nina mama mle ndani, chumba cha nne. Sijawahi kufuata mizizi yake. Na wewe usinifuatie." Akaniomba nisimwambie mtu mpaka aandike kwa wakubwa. Nikasema sawa, Dokta. Nilipotoka nje nilijua kwamba si sawa.

Nilijiuliza usiku na mchana ni kipi kilicho kibaya zaidi. Nikimwambia mzee, namtua mzigo wa kiu, lakini namnyang'anya mke. Nikinyamaza, atabaki na mke wa uongo mpaka kufa, na huenda akazikwa mbali na yule wa kweli. Vitabu vyangu vya historia vilikuwa na mengi kuhusu chanzo cha kuaminika na kisichoaminika. Havikusema neno kuhusu mtu anayekipenda kile kisichoaminika.

Mwishowe niliona kuna mwenye haki ya kuamua kunizidi mimi. Nikaulizia jina la yule mtani wa msibani, nikaenda mtaa wa Mfaranyaki kumtafuta.

*

Mama Leokadia Kikoti, Mhehe, mtani wa Wangoni, ni mshonaji. Alifika Songea akiwa ameolewa, akazika mume hapahapa, akabaki. Nilimkuta kwenye cherehani, mrefu, shingo ndefu, na alipofungua tu mdomo nikashtuka. Ilikuwa ile sauti ya chumba cha tisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mngoni wewe? Karibu. Panya hatuna leo, wameisha."

Nilitabasamu kwa adabu, kisha nikamweleza. Nilimwekea kipande cha rekodi kwenye simu, kile kilichooshwa. Alijisikiliza mara moja, akaiondoa miguu yake kwenye kanyagio la cherehani.

"Wenzangu wako wapi?" aliuliza. "Mbona nasema peke yangu?"

"Waliwafuta, mama. Mashine ilidhani ni kelele."

"Na hili analisikia yule mzee? Akiwa peke yake?"

"Hilo alilisikia mara moja. Sauti yako huisikia kila Jumanne, mwaka wa tatu sasa."

Alilia bila kujificha. Alifuta macho kwa kipande cha kitenge alichokuwa anashona, kisha akasema kwa hasira, na hasira ilinistahili kwa niaba ya wengi: "Sikia, mwanangu. Nilivaa gauni la Gaudensia siku ile kwa sababu alikuwa rafiki yangu. Nikamaliza, nikalivua, nikanawa, nikapewa kuku wangu, nikarudi kwangu. Utani una mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ninyi mmenifungia ndani. Miaka yote hii nimevaa nguo za maiti na sijui."

"Mkurugenzi anataka tuifute sentensi, tusimwambie."

"Mkurugenzi ni mtani wa nani?" Akainuka, akachukua khanga yake. "Twende. Nililisema mbele yake nikiwa Gaudensia, nitalitengua mbele yake nikiwa Leokadia."

*

Tulimkuta mzee ameketi kibarazani, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amekonda. Kasiani alituwekea viti, akasimama mlangoni.

"Hodi kwa walioshindwa vita!" Mama Kikoti akasema, lakini kwa sauti isiyojiamini. "Nimekuja kupokea msamaha wenu."

Siku nyingine Mzee Fridolini angemkumbusha mara moja ni babu za nani waliokimbia wakaacha mikuki. Alisema tu, "Karibu, mama." Mngoni asiyemjibu Mhehe ni mgonjwa kweli. Mama Kikoti akaacha utani, akakaa chini kwenye sakafu, karibu na miguu ya mzee.

"Mbano, yale maneno ya maji na mpira ni yangu. Si ya mkeo. Niliyasema siku ya mazishi, nimevaa gauni lake. Ulikuwapo. Ulicheka mpaka wanao wakakushika usianguke."

Mimi nikaeleza upande wa mashine, kwa maneno machache niliyoyapata.

"Nakumbuka nilicheka," mzee akasema. "Maneno siyakumbuki. Msibani mtu hasikii maneno, husikia watu." Kisha akainama. "Kwa hiyo hakuniita?"

Nilitamani Mama Kikoti aseme hakukuita. Nafikiri naye alitamani.

"Sijui," alisema. "Sikuwapo. Nililitunga, kwa kuwa mtaa mzima unaijua redio yako. Mkeo hakuwahi kuniambia neno baya juu yako. Hilo ndilo ninalolijua, na naapa kwa hilo."

Mzee akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na Kasiani pale mlangoni akageuza uso. Kwa muda mfupi nilifurahi. Nilidhani tumemaliza.

"Na lile la shati la kijani?" mzee akauliza.

"Ni mimi."

"Lala mapema, umande utakuua?"

Mama Kikoti akaitikia kwa kichwa. Mzee akanigeukia mimi, na sikuwa na pa kukimbilia.

"Yote, babu," nikasema. "Karibu yote. Samahani sana."

"Yote." Alitikisa kichwa taratibu. "Miaka yote hii nampelekea Mhehe siri zangu."

Ulikuwa utani, na ulikuwa mzuri, na ilikuwa zamu ya Mama Kikoti kuujibu. Alijifunika uso kwa khanga. Hakuna aliyecheka.

"Sasa wangu yuko wapi?" mzee akauliza. Aliniuliza mimi, kama mtu anayeulizia mzigo wake stendi. "Wa kwangu mwenyewe. Hamkumhifadhi?"

Nilikuwa nimeibeba ile rekodi fupi kwenye simu. Nilikuwa nimeificha kama dawa ya mwisho, nikiamini kwamba tukishamvua yule wa uongo nitamvalisha wa kweli, na mzee atalia machozi mema. Nikaiweka simu kwenye mapaja yake, nikaongeza sauti mpaka mwisho.

"…unayapepeta kwanza, takataka zitoke." Sauti ilikuwa ya chini, nzito kidogo, ya mtu anayeona haya kuzungumza mbele ya wageni. "Majivu yasiwe ya moto. Yapoe kabisa, ndipo uchanganye. Ukiharakisha yanaoza."

Mzee aliegemeza sikio. Nilimwona akitafuta, uso wake umekunjamana, akisubiri kitu kimguse. Sauti ikakohoa, ikaomba radhi, ikaendelea na majivu ya mti mgumu. Aliinua macho.

"Huyu mama ni nani?"

Kasiani alitoka pale mlangoni haraka, nikasikia mlango wa nyuma ukifungwa. Mama Kikoti alinitazama kwa macho mekundu. Ningeweza kudanganya wakati ule, ningesema rekodi zimechanganyika, na hakuna ambaye angenilaumu.

"Ndiye Mama Gaudensia, babu."

Nilinyoosha mkono nizime, maana sikuweza tena kuisikia ile sauti ya upole ikieleza habari za maharage kwa mume asiyeitambua. Mzee akanishika kiganja, akakiondoa juu ya simu.

"Mwache aendelee," alisema. "Kama nitalala jirani naye, lazima nimzoee."